Maswali ya wasomaji: Mgonjwa wa mashine ya figo na mazoezi ya mwili

SWALI: Assalamu alaykum. Mimi ni mzaliwa wa Chake Chake, na sasa ninaishi Mwanakwerekwe, Unguja, ambako nimemleta mama yangu mwenye umri wa miaka 61 ili awe karibu na matibabu. Figo zake zimeharibika kwa kisukari na presha, na tangu mwaka jana anasafishwa damu kwa mashine mara 3 kwa wiki. Kwetu Pemba alikuwa mtu wa kuamka alfajiri, msimu wa karafuu akianika na kugeuza majamvini mpaka jua linapozama. Leo haondoki kitandani ila kwa kwenda chooni au kupanda gari la kwenda hospitali. Nikimwomba atoke hata barazani, hujibu kwamba hana nguvu, na majirani wananilaumu kuwa namtesa mgonjwa. Muuguzi ametuambia afanye mazoezi. Je, ni mazoezi gani ya mtu wa hali hii, na hayatamdhuru?
Msomaji wa kike, Mwanakwerekwe

JIBU: Wa alaykum salaam, dada. Muuguzi huyo amekwambia la kweli, na wewe humtesi mama yako. Kwanza, hata hivyo, nakuomba uamini kwamba anaposema hana nguvu, hana. Figo nzima hufanya kazi usiku na mchana bila kupumzika, ilhali mashine humsafisha kwa muda wa saa 4 hivi kila anapokwenda, yaani saa 12 kwa wiki nzima. Juu ya hayo, wagonjwa wengi wa figo wana upungufu wa damu, mwili wao hubakiwa na asidi inayokula misuli, na kila wanaposafishwa sehemu ya viini vya protini hutoka pamoja na uchafu. Kwa hiyo neno “uvivu” lisitamkwe nyumbani mwenu.

Lakini uchovu huo una sehemu ya pili, na hiyo ndiyo tunayoweza kuipunguza. Msuli usiotumika hunywea. Mgonjwa hukaa saa 4 kwenye mashine, hurudi amechoka akalala, kesho yake huambiwa ajipumzishe kwa sababu jana alichoka, na keshokutwa gari linamsubiri tena mlangoni. Miezi sita ikipita kwa mtindo huo, mapaja yamekuwa membamba, na mtu aliyekuwa akipanda ngazi bila kufikiri anahitaji kushikwa mkono ili ainuke kwenye kochi. Maradhi yamefanya yao, na kitanda kimeongeza yake.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kutoka Italia unanipa moyo kila ninapomshauri mtu wa aina ya mama yako, kwa kuwa haukuhitaji chombo chochote cha gharama. Wagonjwa 296 wa mashine waligawanywa makundi mawili: kundi moja liliendelea na maisha yake ya kawaida, na jingine likapangiwa kutembea nyumbani kwa dakika 10, mara mbili kwa siku, katika siku 3 za wiki zisizo za mashine. Baada ya miezi 6, wale waliopangiwa kutembea waliweza kwenda wastani wa mita 367 kwa dakika 6, kutoka mita 328 za mwanzo, na wenzao walibaki karibu pale pale. Kwa mtu mzima wa afya, mita hizo 39 si kitu. Kwa mgonjwa ni tofauti ya kufika chooni mwenyewe au kumngoja mtu wa kumshika.

Nakushauri muanze na kiti, kabla ya njia. Chukua kiti kigumu kisicho na magurudumu, ukiegemeze ukutani, mama akae mbele kidogo ya kiti, nyayo zikanyage chini sawasawa na magoti yakiwa yameachana. Ainame mbele mpaka pua iwe juu ya magoti, kisha asimame, atulie kwa pumzi mbili, akae polepole bila kujibwaga. Akihitaji kujisukuma kwa mikono siku za mwanzo, ajisukume, ila kwa mkono usio na fistula (mishipa ya damu iliyounganishwa kwa upasuaji ili ichomwe sindano za mashine), kama anayo. Mara 3 zinatosha kwa siku ya kwanza, na wiki inayofuata ziwe 5. Nimemwona mzee ambaye mara ya tatu miguu ilimtetemeka mpaka kikoi kikacheza, akakaa, akacheka, akaomba arudie. Huko kukaa polepole ndiko kunakojenga paja zaidi, na ndiko watu wanakokuruka, wakajiangusha kitini kama gunia.

Baada ya wiki mbili za kiti, aanze kutembea. Mpimie umbali kwa vitu anavyovijua: leo kutoka mlangoni hadi kwenye mwembe, wiki ijayo hadi dukani. Mwendo unaofaa ni ule unaomruhusu kuzungumza nawe sentensi nzima bila kukatika pumzi. Nyakati nzuri ni baada ya swala ya alfajiri, au jioni baada ya alasiri jua likishapoa, kwa sababu joto humzidishia kiu naye maji yake yana kipimo. Kila tarehe 1 Januari vikundi vyetu vya mazoezi hujaa barabarani mjini Unguja, na ni jambo la kupendeza, lakini mama yako hahitaji kukimbia wala kuruka ili apate faida.

Kwa kuwa ana kisukari, avae viatu vilivyofunga vidole, si ndara, na jioni umkague nyayo, maana kidonda anaweza asikisikie. Apime sukari kabla ya kutoka, na mchukue peremende mfukoni. Hapa niseme jambo ambalo watu wetu hulikosea kwa mapenzi mema: mtu akirudi mazoezini hupewa dafu. Maji ya dafu yana potasiamu nyingi, figo za mama haziwezi kuitoa, na ikizidi mwilini inaweza kuuvuruga moyo hata kuusimamisha. Mpe maji ya kawaida, kwa kiasi alichopangiwa na daktari wake.

Kabla hajaanza lolote, daktari au muuguzi wa kitengo cha mashine aulizwe kuhusu moyo na presha yake. Na zipo siku za kuacha kabisa: akiwa ameikosa zamu yake ya mashine, akiwa na homa, kifua kikimbana, akikosa pumzi hata akiwa amekaa, miguu ikivimba kuliko kawaida, au presha na sukari zikiwa zimepanda au kushuka sana. Akipata maumivu ya kifua au kizunguzungu katikati ya mazoezi, aache papo hapo na apelekwe hospitali.

Sasa nikugeukie wewe, dada, maana nusu ya dawa iko mikononi mwa walio nyumbani. Usimletee kila kitu kitandani. Chai iwe barazani, naye aifuate. Kanga yake akaichukue mwenyewe kamba ya karibu. Kuchambua mchele na kusuka ukili ni kuzuri, kunamrudishia heshima ya kuwa mtu wa nyumba, ila hakujengi miguu, kwa hiyo kusihesabiwe badala ya kutembea. Zaidi ya yote, muulize anachokikosa. Wagonjwa wengi huniambia kwamba kinachowauma zaidi ni kuswali kwenye kiti. Mama yako akikwambia hivyo, basi mmeshapata lengo, naye atainuka kwenye kile kiti kwa moyo mwingine kabisa kuliko akihimizwa kwa jina la mazoezi. Siku ya mashine tu asiharakishe kuinuka, kwa sababu presha huwa imeshuka na kichwa kinaweza kumzunguka. Majirani nao waalike wamsindikize hadi kwenye mwembe.

SWALI: Mimi ni mvuvi wa Mkokotoni, nina miaka 34. Nimefanyiwa fistula ya mkono wa kushoto miezi miwili iliyopita, lakini bado nasafishwa kwa mpira wa shingoni, yaani mrija ulioingizwa kwenye mshipa wa damu. Wengine wananiambia mkono huo nisiutumie kabisa. Je, naweza kurudi baharini?
Msomaji, Mkokotoni

JIBU: Ndugu yangu, mkono huo usiufiche. Kidonda kikishapona na daktari akiridhia, finya mpira laini, au kitambaa kilichokunjwa, mara kadhaa kwa siku, kwa kuwa misuli ikifanya kazi damu hupita kwa wingi na mshipa hukomaa. Usichoruhusiwa ni kuubana na kuulemea: usibebe ndoo wala usivute nyavu kwa mkono huo, usiulalie, usivae saa inayobana, na mtu yeyote asikupimie presha hapo. Kila asubuhi weka vidole juu ya fistula usikilize mtetemo wake, na siku ukiukosa nenda hospitali bila kungoja zamu yako.

Baharini, hapana, maadamu mpira uko shingoni. Tundu lake linaelekea moja kwa moja kwenye mshipa mkubwa wa damu, na maji yakiingiza vijidudu unaweza kupata maambukizo ya kuua. Najua kwa mtu wa Mkokotoni hili ni zito, na riziki yako iko majini. Tembea ufukweni maji yanapokupwa, fanya zoezi la kiti nililolieleza juu, ulinde mapaja na mgongo wako. Fistula ikishakomaa, mpira ukatolewa na tundu likafunga, mrudie daktari na swali hili hili.

SWALI: Mume wangu hukaa saa nne kwenye mashine akiangalia dari. Je, hawezi kufanya mazoezi humo humo?
Msomaji wa kike, Fuoni

JIBU: Anaweza, endapo wauguzi wataridhia. Huko Ujerumani, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2023 wenye wagonjwa zaidi ya 1,200, waliofanya mazoezi wakiwa kwenye mashine kwa mwaka mzima walipanda kutoka wastani wa kusimama kitini mara 16 kwa dakika moja hadi mara 19, na wasiofanya wakashuka hadi karibu 15. Afanye katika saa 2 za kwanza, kabla presha haijaanza kushuka, na atumie miguu tu, mkono wenye sindano ukiwa umetulia. Akiwa amelala, anyooshe goti, ainue mguu kiasi cha shibiri moja, ahesabu hadi tano, aushushe, kisha ageukie wa pili. Na nyayo azivute juu na kuzishusha kama anayekanyaga cherehani. Kama mpira wake umewekwa kwenye paja, asifanye lolote la miguu mpaka utolewe.