Mkuu, gandisha mbegu za kiume KABLA ya dripu ya kwanza ya kemo

Umeuliza bei ya kugandisha mbegu na kama mkeo lazima asaini. Bei baadaye. Umeandika kwamba kemo, yaani dawa za saratani, inaanza Jumatatu na mbegu utakwenda kuzigandisha "nikishapata nafuu kidogo". Nimefika hapo nikaacha ugali mezani.

Maneno hayohayo niliyasema mimi mwaka 2016, saratani ya tezi za limfu, umri 27, hata mchumba sina. Daktari aliligusia suala la watoto akiwa ameshashika kitasa cha mlango. Shemeji yangu mwenye duka la dawa Mbagala ndiye akanimaliza: "Shem, pona kwanza. Mbegu ni kama nywele, zinaota tena." Nywele zimeota kweli, mpaka masikioni. Mbegu nimepima mara nne, sifuri. Angalau somo moja nina msimamo.

Nilipanga niende baada ya dripu ya pili. Kumbe dawa zile zinashambulia seli zinazogawanyika haraka, na korodani hazina likizo, kila siku zinatengeneza; mbegu moja inachukua kama siku 74 kukamilika. Ukishaanza dawa, hata zile zinazotoka bado zinaweza kuwa na vinasaba vilivyoharibika. Nimefika na kikopo changu, dada wa maabara akauliza, "Umeshaanza dawa?" Nikajibu, "Mbili tu." Mbili tu, utadhani soda. Akanitazama, akafunga faili.

Wapo wanaorudiwa na mbegu baada ya mwaka au miaka kadhaa, inategemea dawa na dozi. Ila hakuna atakayekuhakikishia leo kwamba na wewe umo.

Kwa hiyo mpigie daktari wako leo, si kesho. Usiahirishe tiba kienyeji. Muulize kama siku mbili tatu zinapatikana. Na kama korodani yenyewe inatolewa, nenda kabla ya kisu. Kaa bila tendo wala kumwaga mbegu siku hizo mbili tatu, ila muda ukibana toa sampuli moja hiyohiyo. Tangu 1992 kuna njia ya kudunga mbegu moja ndani ya yai, hata chache zina kazi. Zikishaingia kwenye nitrojeni, nyuzi 196 chini ya sifuri, zinakaa miaka na miaka. Aibu ya kile chumba ni dakika kumi, mkuu, tena hakuna anayechungulia.

La bei na la mkeo kusaini waulize hukohuko wanakogandisha.

Shem ana watoto watano, kwa taarifa yako.