Viumbe hai bila maabara: nendeni mikokoni

Mwalimu mwenzangu, umeuliza utawafundishaje watoto wa gredi ya 4 viumbe hai hapa Lamu bila maabara. Wapeleke mikokoni maji yakishakupwa! Mbegu ya mkoko huota ingali juu ya mti, ndipo huanguka topeni. Wangu waliokota zile ndefu za kijani, wakazichomeka kwenye makopo yenye tope la huko huko, wakawa wanazipima kwa rula kila Ijumaa. Majani ya kwanza yalipofunguka, darasa zima lilipiga vigelegele. Waonyeshe pia mizizi ya mchu, aina nyingine ya mkoko, iliyochomoza juu kama penseli. Ndiyo inayovuta hewa. Wavae viatu, chaza hukata vibaya. Na kaa warudishwe walikotolewa, tafadhali.