Nikibonyeza "Funga", programu inaganda

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko ofisi ya kupitisha mizigo, Kurasini. Nimeandika programu ya C# inayoonyesha malori yetu yalipo. Ombi moja la HttpWebRequest (chombo cha .NET, jukwaa la C#, cha kuwasiliana na seva) linabaki wazi kutwa, na seva hutuma mstari kila lori linaposogea. Jioni nikibonyeza "Funga", naita Close (amri ya kufunga) ya mkondo wa data inayotoka kwa seva, basi dirisha linaganda mpaka niiue kwa Task Manager. Nakosea wapi?
Msomaji, Tabata

JIBU: Marahaba. Close umeiita mapema mno, mwanangu. Kazi yake si kukata tu: hutaka muunganisho ubaki safi, utumike tena kwa ombi jingine, kwa hiyo kwanza hujaribu kusoma kilichobaki. Mkondo wako hauna mwisho. Ni kama kungoja mto Ruvu ukauke ndipo ufunge bomba la jikoni.

Jioni mambo huwa mabaya zaidi, malori yamelala na hakuna mstari unaokuja. Usomaji unaweza kungoja mpaka ReadWriteTimeout, yaani kikomo cha kungoja data, itimie, nayo usipoigusa ni milisekunde 300,000. Dakika 5! Mimi nimewahi kuzihesabu kwa saa ya ukutani, Kariakoo, mlinzi kasimama mlangoni na funguo zake.

Dawa ni kuita Abort (amri ya kukatisha) ya ombi lenyewe, halafu ndiyo Close. Abort hukata bila kungoja chochote. Uzi (thread) uliokuwa ukisoma utarushiwa WebException, yaani taarifa ya kosa la mtandao, yenye hali ya RequestCanceled (ombi limefutwa). Idake, utoke kwenye kitanzi cha kusoma mistari. Kabla ya Abort weka alama kwamba umeamua kufunga, la sivyo kitanzi kitadhani mtandao umekatika na kuanza kuunganisha upya.

Kisha angalia sana hapa, maana wengi hukwama wakiwa wamesharekebisha hayo yote: usiite Join, amri ya kungoja uzi mwingine umalize, kwenye uzi wa dirisha. Uzi unaosoma ukitaka kuandika kwenye dirisha kwa Invoke, nao unangoja dirisha limalize, huku dirisha nalo linaungoja uzi huo. Hakuna atakayempisha mwenzake. Tumia BeginInvoke, ambayo haingoji.

Ukipata nafasi, hamia HttpClient, chombo kipya cha kazi hiyo hiyo. HttpWebRequest imeshawekwa kando tangu .NET 6, mwaka 2021. Omba kwa ResponseHeadersRead (usingoje jibu zima, vichwa vyake vinatosha), na CancellationToken, alama ya kusitisha kazi, uipitishe mpaka kwenye ReadAsync inayosoma mkondo. Wengi huipa ombi tu, wakasahau usomaji.

Jaribio lifanye usiku, malori yakiwa yameegeshwa. Mchana mistari inamiminika, na kosa hili linaweza kujificha.