Barua za Makazi: Jina Lako Liko Kwenye Daftari la Nani?

SWALI: Shangazi, pokea salamu kutoka Pipeline. Mimi ni mama wa watoto watatu, nauza chai na mandazi alfajiri kwenye lango la kiwanda. Hadi Mei 2024 nilikuwa na chumba cha mabati Mukuru kwa Reuben, nikilipa 2,500 kwa mwezi, hatua chache tu kutoka Mto Ngong. Mafuriko yakaja, kisha tingatinga likaja kumalizia. Tangu hapo niko kwa dadangu, watu saba chumba kimoja, na shemeji ameanza kukohoa kila nikifungua mlango. Nilienda kwa chifu, akanituma kaunti. Kaunti wakanituma Huduma Centre. Huduma wakaniambia nijisajili kwa mtandao. Kijana wa cyber naye akataka 2,000 “za kuharakisha”. Shirika moja lilinipa blanketi na sufuria, nashukuru. Kila ninakoenda naambiwa wanashirikiana na wenzao. Kwani wanashirikiana wapi mahali ambapo mimi sipaoni? Na hizo ghorofa mpya za serikali, muuza mandazi anaweza kupata, ama ni za wenye payslip?
— Mama Mandazi, Pipeline

JIBU: Mama Mandazi, tuanze na zile 2,000. Kama hujazitoa, zinunulie unga. Kujisajili Boma Yangu, ule mtandao wa serikali wa wanaotaka nyumba, ni bure, na hakuna kijana wa cyber anayeweza kulisukuma jina lako mbele. Mlipe ada yake ya kawaida ya kutumia kompyuta, basi.

Sasa hilo la kushirikiana. Kila mlango uliobisha una daftari lake. Chifu ni mtu wa serikali kuu. Daftari lake ndilo linaloangaliwa kukiwa na janga, na wengi waliopata zile 10,000 ambazo Rais alitangaza Mei 2024 kwa waliohamishwa kingo za mito watakwambia walipitia kwa chifu na wazee wa mtaa. Kaunti ina daftari jingine, la mipango ya mji, masoko, zahanati. Boma Yangu ni daftari la tatu, la wanaotaka kununua nyumba. Lile shirika la blanketi lina la nne. Ukiandikwa kwa mmoja, usidhani umeandikwa kwa wote. Hakuna mtu anayekuvusha kutoka daftari hili hadi lile. Unajivusha mwenyewe, na kila mara unaanza upya na nakala ya kitambulisho mkononi.

Nimewahi kuona ofisi zikikaa meza moja, na nitakusimulia kwa sababu ni huko huko kwenu. Agosti 2017 Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la mipango: kwa Njenga, kwa Reuben na Viwandani, kaya zaidi ya 100,000. Ardhi yenyewe kwa sehemu kubwa ilikuwa imegawiwa watu binafsi miaka mingi nyuma ili wajenge viwanda vidogo, nao hawakujenga. Sisi ndio tuliojenga, kwa mabati. Baada ya tangazo, mashirika zaidi ya 40 yaligawanywa kwa vikundi kulingana na kazi: maji na vyoo, afya, nyumba, ardhi, elimu, fedha na kadhalika. Vyuo vikuu vilikuwamo, mawakili walikuwamo, na Muungano wa Wanavijiji, ambao umekuwepo tangu 1996, ndio uliokuwa na kazi ya kuwaleta wenye mtaa.

Kazi hiyo nimeifanya kwa miguu yangu. Nilikuwa naishi Viwandani na nilikuwa mmoja wa waliozunguka mlango kwa mlango. Kaya kumi zilichagua mtu wao, wale wa kumi kumi wakakutana na kufanya kundi la kaya mia hivi, na ndivyo maoni yalivyopanda hadi juu. Kuna mama mmoja alinifungia mlango mara tatu. Mara ya nne akanieleza kwa nini: mara ya mwisho mtu kuja na kalamu, wiki mbili baadaye ilipakwa X nyekundu ukutani, na baada ya X likaja tingatinga. Nilimwelewa. Tulikubaliana niandike majibu yake kwenye daftari lake mwenyewe kwanza, asome, kisha ndipo ninakili kwangu. Ilichukua asubuhi nzima. Daftari hilo bado analo.

Wenye ofisi walipoona hesabu tulizokusanya, lugha ikabadilika. Si kwamba walikuwa hawajui kuna watu Mukuru. Lakini ilipoonekana kwa tarakimu kwamba mtu wa mabati ananunua maji ya mtungi kwa bei inayomshinda yule wa South B anayefungua mfereji sebuleni, ikawa vigumu kusema wa Mukuru anataka vya bure. Kuanzia 2020 tuliona barabara za lami zikiingia ndani ya mtaa, na mabomba ya maji taka, na hospitali. Sikuota hayo, nimeyakanyaga.

Nisikudanganye kwa upande wa pili pia. Oktoba na Novemba 2021, mtaa huo huo uliopangwa kwa miaka minne, maelfu ya watu wa kwa Njenga walibomolewa nyumba kupisha barabara. Walikuwa kwenye mipango, walikuwa wamehesabiwa, na bado walilala kwenye hema juu ya vifusi. Kwa hiyo mtu akikwambia ofisi zinashirikiana, muulize jambo moja tu: yule mwenye tingatinga amekaa meza hiyo?

Kuhusu haki yako. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makazi yanayofaa. Sheria za ardhi zilivyorekebishwa 2016 zinataka notisi ya maandishi ya angalau miezi mitatu kabla ya kuwafurusha watu. Na Januari 2021 Mahakama ya Juu, kwenye kesi ya wakazi wa kijiji cha Mitumba karibu na uwanja wa ndege wa Wilson waliobomolewa 2011, ilikubali kwamba watu wasio na ardhi walioishi muda mrefu kwenye ardhi ya umma wanaweza kudai haki hiyo ya makazi. Lakini ukingo wa mto una sheria zake, mama. Ukipata mtu anayekuahidi atakurudisha palepale kwa Reuben, huyo anakuuzia mto. Unachoweza kufuata ni fidia na mahali pengine, na hilo halifuatwi na mtu mmoja. Tafuta majirani zako wa zamani, hata kumi tu, mwandike majina, chumba alichokuwa kila mmoja, alilipa kodi kwa nani, na nani anaweza kumshuhudia. Meseji za M-Pesa za kodi ni ushahidi mzuri kuliko mnavyofikiri, msizifute. Kisha nendeni pamoja Kituo cha Sheria, wanaosaidia watu wasio na uwezo wa kulipa wakili tangu 1973.

Ghorofa nazo. Kwenye karatasi, jibu ni ndiyo, na huhitaji payslip. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 ina daraja la nyumba za jamii kwa wanaopata chini ya 20,000 kwa mwezi, na Bodi ya nyumba hizo haiwezi kusema biashara ya mandazi si mapato. Mei 2025 nyumba 1,080 za kwanza zilikabidhiwa pale Mukuru, kwenye mradi unaokusudiwa kufikia zaidi ya 13,000. Chumba cha mita mraba 20 kilitangazwa kwa 640,000, kulipwa kidogo kidogo kama kodi, 3,900 kwa mwezi, hadi kiwe chako. Ulikuwa unalipa 2,500 kwa mabati, na maji ya mtungi na stima ya kuunganishiwa juu yake, kwa hiyo tofauti si kubwa kama inavyosikika.

Kikwazo ni amana. Sheria ilipopitishwa 2024 ilitaja asilimia 10, na asilimia 10 ya 640,000 ni 64,000. Fungua akaunti ya Boma Yangu, anza kuweka hata 50 kwa siku, usingoje hadi upate kiasi kikubwa. Na kama mko na chama, wekeni akiba hiyo kuwa ya kwanza kabla ya zamu ya kununuliana vyombo.

Na kuna jambo ambalo hakuna fomu inayouliza: utakaangia wapi? Ghorofa ya nne na jiko la makaa haviendi pamoja. Rafiki yangu mmoja aliyepata nyumba sasa anaamka saa nane usiku kwenda kukaangia kwa mabati ya mpwa wake. Anasema analala pazuri, tatizo ni kwamba halali. Ukiitwa kwenye mkutano wowote wa mradi, simama useme hilo la jiko. Wakuchoke.

Shemeji naye, mwambie nimesema akatafute dawa ya kikohozi.

SWALI: Hujambo Shangazi. Mimi ni soja wa lango, Industrial Area. Nakatwa ushuru wa nyumba kila mwezi. Napata 18,000. Je, baada ya miaka kumi nikiacha kazi nitarudishiwa pesa zangu au nitapewa nyumba?
— Soja wa Usiku

JIBU: Hapana, ndugu yangu, si hili wala lile. Unakatwa asilimia 1.5, yaani 270, na mwajiri wako anaongeza 270 nyingine. Huo ni ushuru, kama ushuru mwingine, wala si akiba. Najua uvumi umetoka wapi: mpango wa kwanza, ule wa 2018 ambao ulikwama mahakamani, ulikuwa na kipengele cha kurudishiwa mchango. Huu wa sasa hauna. Mahakama Kuu iliupiga chini ule wa 2023 mwezi Novemba mwaka huo huo, ndipo Bunge likapitisha sheria mpya iliyotiwa saini Machi 2024, na makato yakaendelea.

Ukitaka nyumba, unajisajili Boma Yangu na kuweka akiba kando, kutoka kwenye kile kinachobaki. Ndiyo, ni mara mbili. Usinikasirikie mimi. Jambo moja tu: hakikisha mwajiri wako anawasilisha hayo makato. Kukatwa ni kitu kimoja na kuwasilishwa ni kingine.

SWALI: Shangazi, sisi ni vijana wa kanisa, Mombasa. Kila Jumamosi tunawapa chokoraa wa karibu na stesheni uji na mkate. Kuna mmoja wa miaka tisa hivi anataka kurudi kwao lakini hataki kusema ni wapi. Tumpeleke wapi?

JIBU: Kwanza muiteni jina lake. Mnalijua, sivyo?

Kisha pigeni 116, laini ya watoto, ni bure, na mzungumze na afisa wa Idara ya Huduma za Watoto wa kaunti ndogo yenu. Msimpakie kwenye matatu wenyewe kumpeleka “kwao” hata akiwatajia mahali. Mtoto wa miaka tisa aliyekimbia ana sababu, na afisa ndiye mwenye mamlaka ya kuichunguza kabla hajarudishwa kwenye nyumba ileile. Hesabu ya familia za mitaani ya 2018 ilipata watu 46,639 nchini, na 7,529 kati yao walikuwa hapo Mombasa, wa pili baada ya Nairobi. Kuna hazina ya taifa ya kuwasaidia tangu 2003. Mwulizeni afisa ni vituo vipi vya hapo Mombasa vinavyopokea watoto wa umri wake, na mwende mkavione kwa macho yenu kabla mtoto hajaingia. Na uji msiukatishe mkisubiri. Jumamosi moja mkikosa kufika, atakuwa amehama kona.

KWA UFUPI: Yule wa Githurai aliyenitumia picha ya risiti ya 15,000 ya “kuhifadhi nyumba”, iliyoandikwa kwa kalamu na kugongwa muhuri wa mviringo: hiyo si risiti ya Boma Yangu. Nenda polisi leo, uende na simu yenye ile namba uliyotumia pesa.