Chembe sahani zikipungua: majibu kuhusu dawa

Daktari, mwanangu wa miaka 9 ana dengue na karatasi ya maabara imeandika PLT 62. Jirani ananishauri nimpe prednisolone, mwingine maji ya majani ya mpapai. Nifuate lipi? (Mama, Temeke)

Pole kwa kuuguza, mama. Namba hiyo maana yake ni chembe sahani (PLT, yaani chembe ndogo zinazosaidia damu kuganda) 62,000 katika kila maikrolita moja ya damu, wakati kiwango cha kawaida ni kati ya 150,000 na 450,000. Zimepungua kweli, lakini katika dengue hupanda zenyewe mwili unapokishinda kirusi, na prednisolone, dawa ya steroidi inayotuliza kinga ya mwili, haiharakishi jambo hilo. Majani ya mpapai nayo yasichukue nafasi ya vinywaji na uangalizi, kwa sababu hatari kubwa ya dengue ni majimaji ya damu kuvuja nje ya mishipa, na hilo hutokea hasa homa inaposhuka, wakati ambapo wazazi wengi huanza kushusha pumzi. Mpe vinywaji kidogo kidogo mara kwa mara, na homa itulizwe kwa paracetamol peke yake. Akianza kutapika mfululizo, kuumwa sana tumbo, kutoka damu puani au kwenye fizi, kulegea, au kupoa mikono na miguu, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Nimepima mara mbili kwa siku moja: hospitali ya kwanza 40,000, ya pili 190,000. Nianze dawa?

Usianze kwanza. Damu ya kipimo hiki huwekwa kwenye kichupa chenye kifuniko cha zambarau, ambacho ndani yake mna kemikali ya kuizuia isigande, na kwa baadhi ya watu kemikali hiyo hufanya chembe sahani zishikamane mafungu mafungu, hata mashine ikashindwa kuzihesabu moja moja. Omba damu itazamwe kwa hadubini, kisha ichukuliwe nyingine kwenye kichupa cha sitreti, kemikali nyingine ya kuzuia damu isigande, chenye kifuniko cha buluu. Ikithibitika kwamba zilishikamana tu, huna ugonjwa wa kutibiwa. Nasisitiza jambo hili kwa sababu inasikitisha mtu kunywa dawa kali kwa ajili ya kosa lililotokea ndani ya kichupa.

Nina ITP, ugonjwa wa chembe sahani kupungua, na mwezi wa tatu sasa natumia prednisolone. Uso umejaa, silali, sukari imepanda. Nataka kuiacha kesho.

Kesho hapana, ndugu yangu. Ukiitumia kwa muda mrefu, tezi zilizo juu ya figo hupunguza kutengeneza kotisoli, homoni ya mwili inayofanana na dawa hiyo, na ukiikatisha ghafla unaweza kuishiwa nguvu, shinikizo la damu likashuka hadi kuhatarisha maisha. Dozi hupunguzwa hatua kwa hatua.

Hata hivyo, lalamiko lako ni la haki kabisa. Katika ITP, kinga ya mwili huziharibu chembe sahani, na prednisolone huituliza kinga hiyo. Ni dawa nzuri ya kuanzia, si ya kuishi nayo. Mwongozo wa mwaka 2019 wa chama cha wataalamu wa damu cha Marekani unataka isizidi wiki 6, pamoja na muda wa kuipunguza. Mwambie daktari wako wazi kwamba unataka kujua njia nyingine: eltrombopag au romiplostim, ambazo huchochea uboho kutengeneza chembe sahani zaidi, au rituximab, ambayo hupunguza seli zinazotengeneza kingamwili. Muulize pia hesabu yako ikoje sasa, kwani mtu mzima mwenye chembe sahani zaidi ya 30,000 na asiyetokwa damu mara nyingi hufuatiliwa tu bila dawa.

Eltrombopag naimeza asubuhi na chai ya maziwa, na hesabu haipandi.

Huenda tatizo ni hayo maziwa. Kalsiamu na madini kama chuma na magnesiamu huishika dawa hii tumboni isiingie mwilini, kwa hiyo imeze angalau saa 2 kabla au saa 4 baada ya maziwa, mtindi, dagaa, vidonge vya madini ya chuma au dawa za kiungulia zenye magnesiamu. Ukimaliza maziwa yako ya mwisho saa 11 jioni, unaweza kuimeza saa 4 usiku. Usiongeze dozi mwenyewe, na usikose vipimo vya ini, kwa maana dawa hii inaweza kulidhuru.

Jino linaniuma na chembe sahani zangu ni 25,000. Nimeze diclofenac?

Hapana, wala aspirini, wala ibuprofen, kwani huzidhoofisha hata zile chache zilizobaki. Tumia paracetamol kwa kipimo kilichoandikwa, ukatae sindano ya msuli, na umweleze daktari wa meno hesabu yako kabla hajagusa koleo.