Nimeingia chuo nataka udaktari, semesta ya kwanza nichukue kozi gani?

SWALI: Shikamoo dada. Mi nimemaliza haiskuli hapa Columbus, Ohio, tulihamia na mama toka Morogoro na grini kadi tunazo. Agosti naanza chuo na nataka kuwa daktari. Wiki ijayo nakutana na advaiza kuchagua kozi ila mi nshajiandikia zangu, baiolojia, kemia, fizikia na kalkulasi, za sayansi zote na maabara zake, ukiweka na ile semina ya wanafunzi wapya inakuja krediti 19. Mama anasema nizipige zote mapema maana binamu yangu niliyesoma nae darasa moja yuko Muhimbili mwaka wa pili wa MD (digrii ya udaktari) na mimi hata sijaanza. Kozi ya Kiingereza nataka niikwepe kwasababu naongea vizuri tu. Wikiendi nafanya kazi nyumba ya wazee, nina cheti cha STNA (msaidizi wa wauguzi), shifti mbili za masaa nane nane. Je ntaweza? Na meja, yani fani kuu ya digrii, ni lazima iwe baiolojia?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera sana. Nianze na habari ya binamu maana naona ndo inayokusukuma. Bongo mtu akimaliza form six na PCB yake nzuri anaingia MD moja kwa moja, miaka mitano ya masomo na mmoja wa intanship. Huku shule ya udaktari inaanza baada ya digrii ya kwanza, yani miaka minne ya chuo, halafu minne ya udaktari, halafu residensi, yani mafunzo ya kazi hospitalini, isiyopungua miaka mitatu. Kwahiyo hujachelewa, uko kwenye mfumo mwingine, na kubeba krediti 19 Agosti hii hakukufikishi shule ya udaktari hata siku moja mapema. Mkalishe mama umweleze hivohivo taratibu, mfungulie tovuti ya shule yoyote ya udaktari hapo Ohio asome mwenyewe masharti ya kuingia.

Kinachoshika kalenda yako ni kemia. Kuna kemia ya jumla ya kwanza na ya pili, ndo uende oganiki ya kwanza na ya pili, ndo baiokemia, na huwezi kuruka hata moja maana kila moja inataka uwe umefaulu iliyotangulia, hizo ni semesta tano. Ukianza sasa, baiokemia unaipata mwanzoni mwa mwaka wa tatu, MCAT, ule mtihani wa kuingia shule ya udaktari, unafanya majira ya kuchipua mwaka huohuo, mwezi wa sita unatuma maombi. Kemia ya jumla ndo pekee kwenye orodha yako isiyofaa kusubiri kama unataka kuunganisha bila kupumzika mwaka, japo wanaopumzika ni wengi na wanaingia vizuri tu. Nyingine zote zinasogezeka.

Fizikia itoe kabisa semesta hii, nafasi yake ni mwaka wa pili au wa tatu. Hesabu isubiri ule mtihani wa kupangiwa daraja, na tafadhali usiuchukulie poa, rudia aljebra na trigonometria kabla hujaenda, ukiwekwa chini ya kalkulasi kubali uanzie hapo maana kemia yenyewe imejaa hesabu na msingi ukiyumba utaumia huko. Baiolojia mi ningekwambia uiweke Januari, isipokuwa chuo chako kinaianzisha semesta ya kwanza tu, hilo muulize advaiza. Najua kuna watu watakwambia kemia na baiolojia zinabebwa pamoja, na kweli wengi wanazibeba, lakini wewe una kazi wikiendi na kila maabara inakula karibu masaa matatu kwa wiki na ripoti ya kuandika juu yake.

Kiingereza hapana, usikwepe. Kwanza shule nyingi za udaktari zinaitaka kozi ya uandishi. Pili MCAT ina sehemu inaitwa CARS, maswali 53 kwa dakika 90, unapewa vifungu vya falsafa, historia, sanaa, vitu kama hivo, na sayansi yako yote haikusaidii humo. Kuongea vizuri ni jambo moja, kusoma hoja ngumu haraka ukajua mwandishi anaelekea wapi ni jambo lingine kabisa na linajengwa kwa miaka, sio kwa miezi mitatu ya kujiandaa. Nafasi itakayobaki weka sosholojia au saikolojia, tangu 2015 MCAT ina sehemu nzima ya masomo hayo.

Ukijumlisha, kemia na maabara 4, hesabu 4, uandishi 3, sosholojia 3, semina 1, unapata 15. Ukienda hivo kila semesta kwa miaka minne unafika 120 ambazo digrii nyingi zinataka.

Nakukazania kuanza taratibu kwasababu gredi za premed, yani masomo ya maandalizi ya udaktari, hazifutiki. Mfumo wa maombi wa AMCAS unahesabu kila kozi ya chuo uliyowahi kuchukua, hata zile za College Credit Plus ulipokuwa haiskuli kama ulichukua, na ukirudia kozi wanahesabu zote mbili hata kama chuo chako kimeifuta ile ya kwanza, tena baiolojia, kemia, fizikia na hesabu wanazipigia GPA (wastani wa gredi) yake pembeni. Ukipata 2.5 kati ya 4.0 kwenye krediti 15 za mwanzo halafu 105 zilizobaki zote ukawa na wastani wa 3.8, unamaliza na 3.64, na wanaoingia shule za udaktari za MD wastani wao unacheza karibu 3.8. Sio mwisho wa dunia lakini ni jasho la miaka mitatu na nusu kuziba semesta moja.

Kazi usiache, nakuomba. Kumgeuza mzee kitandani, kumlisha, kumsikiliza, huo ndo uzoefu wa wagonjwa ambao wenzako wanautafuta kwa shida na shule zinauheshimu. Ila krediti 15 ni masaa 15 darasani na kawaida wanasema mara mbili yake ya kusoma, hizo 45, ukiweka 16 za kazi ni 61 kwa wiki, hujapika hujafua hujasali. Ongea na msimamizi ubaki na shifti moja mpaka mitihani ya kwanza ya kemia ipite, ndo uamue.

Meja chagua unayoipenda, historia ni sawa, uhasibu ni sawa, mradi umalize masomo ya lazima. Premed yenyewe sio digrii.

Ukikaa na advaiza muulize tarehe ya mwisho ya kuacha kozi kwa W (alama ya kujitoa), W haiingii kwenye GPA na moja haiharibu kitu. Iandike kwenye simu, na mtihani wa kwanza wa kemia ukikupiga, kesho yake nenda kwa profesa saa zake za ofisi na karatasi yako mkononi.