"Madini aina ya tanzanaiti": aina ya nini?

Msomaji wa Arusha anauliza: "Niandike 'madini aina ya tanzanaiti' au 'madini ya tanzanaiti'? Na neno 'spishi' lafaa kwa mawe, au ni la wanyama na mimea tu?"

Andika "madini ya tanzanaiti", au "tanzanaiti" basi. Hilo "aina ya" limenichosha miaka mingi. Kila siku tunasoma: "wamekamatwa na madini aina ya dhahabu", "wakiwa kwenye gari aina ya Noah". Lifute, kisha uniambie kimepungua nini. Nani huenda dukani akasema, "Nipimie nafaka aina ya mchele, kilo mbili"? Husema mchele, akapimiwa mchele. Kwenye magari nimekwisha kusalimu amri. Kwenye madini sikubali, maana huko "aina" ina kazi yake maalumu, nasi tumeichakaza.

Tanzanaiti kweli ni aina: ni aina ya zoisaiti. Zoisaiti ndiyo spishi, yaani madini yanayotambulika kwa kemia yake na mpangilio wa atomi zake; aina ni sura mojawapo tu ya spishi, kama vile rangi. Zoisaiti ilipewa jina mwaka 1805 kwa heshima ya Sigmund Zois, mkusanyaji wa madini wa Ljubljana. Jiwe la buluu la Mirerani lilipogunduliwa 1967, wataalamu walipima kemia yake na mpangilio wa atomi zake wakakuta ni zoisaiti ileile, yenye metali ya vanadi kidogo inayoipa rangi. Rangi haizai spishi. Mengi ya mawe hayo hutoka ardhini yakiwa ya kahawia, hadi yapashwe moto ndipo yawe buluu. Jina "tanzanaiti" ni la sokoni. Lilitolewa 1968 na Tiffany, wauza vito wa Marekani.

Sasa tazama merelaniaiti: vijinywele vya kijivu vyenye metali za molibdeni na risasi, pamoja na salfa, kutoka machimbo yaleyale ya Mirerani. Hiyo ni spishi kamili. Vipimo vyake vilipelekwa kwa kamati ya kimataifa ya wanasayansi wa madini, ikapiga kura, ikaipitisha 2016. Kwa hiyo ndiyo, "spishi" yafaa kwa mawe, tena ni neno la lazima.



Ripoti yako basi iseme: "Wamekamatwa na tanzanaiti." Ukitaka kumfafanulia msomaji, ongeza: "ambayo ni aina ya zoisaiti."